Mshale wa Baba Uliolala Sifuri

Kuna uvumi mmoja niliouamini kwa moyo wangu wote, mimi mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne. Uvumi wenyewe ulikuwa hivi: gari likibeba maiti, halafu watu wakang'oa kapeti alilolalia marehemu, yeye huliona jambo hilo kama kufukuzwa. Basi huushika mshale wa spidi kwa ndani, akaulaza kwenye sifuri, na kilomita zikaacha kuhesabika. Hauinuki tena mpaka mwenyewe aridhike kwamba amefika kwake. Na ukipita na gari hilo karibu na kaburi lake, mshale hutikisika kidogo, kama mtu anayekohoa ili ujue yupo.

Hicho kipande cha mwisho, cha kutikisika, nitakirudia.

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni, Moshi mjini. Sufuria zetu ni kubwa kiasi kwamba mpishi akitumbukia anaweza kuishi humo wiki nzima kwa maharage, na mtu wa kwanza kumkosa atakuwa mnunuzi wa chumvi. Baada ya kuziosha hizo sufuria ndipo nilipokuwa nakwenda kusoma, miaka mitatu, darasa la jioni la watu wazima, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanasomesha watoto. Fizikia nilipata C. Naitaja C hiyo kwa sababu ina mkono wake katika habari hii.

Baba yangu aliendesha lori la kahawa maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu akanunua steshenwagoni kuukuu ambayo rangi yake hakuna aliyeweza kuitaja kwa uhakika, na akaiendesha kilomita arobaini kwa saa. Arobaini na moja hapana. Kutoka kwetu Kilema kushuka mpaka mjini, ungeweza kupanda mgomba kwenye buti ukafika na mkungu. Konokono walimpigia honi. Watu walimcheka, na mimi niliongoza kwaya ya kucheka, lakini arobaini ile haikuwa woga wala ubahili wa mafuta. Ilikuwa kwa ajili ya mama.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha zamani, kimyakimya, bila kuuma. La kulia lilibaki na tundu tu la kuonea katikati, kama unatazama dunia kupitia bomba la kalamu. Akikaa kwenye gari, miti na watu wa pembeni walimtokea ghafla puani, akawa anashtuka na kushika mlango. Kwa hiyo kila baada ya kona mbili tatu alimuuliza baba, "Uko ngapi?" Na baba, macho kwenye mshale, alimjibu, "Arobaini." Mama akatulia mpaka kona nyingine. Nimewasikia wakifanya hivyo kwenda na kurudi kliniki, miaka, kama watu wanaosali rozari.

Mwaka ambao baba aliondoka, daktari wa macho alikuwa ameshampangia mama tarehe ya operesheni. Alitueleza kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa: operesheni hii si ya kurudisha alichopoteza, ni ya kubakiza alichonacho. Akichelewa, hilo tundu nalo litaziba, na likiziba hakuna wa kulizibua. Baba aliiandika tarehe ile kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya parokia iliyoning'inia sebuleni. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe alishikwa na nimonia. Alilazwa Jumatatu, na Alhamisi akawa amekwisha.

Kaka yake baba, ambaye mimi namwita baba mkubwa na ambaye neno lake kwenye ukoo wetu halina rufaa, aliamua kwamba mtu aliyeshika usukani maisha yake yote harudi nyumbani kwa gari la kuazima. Tukalaza viti vya nyuma, tukaingiza jeneza kwenye steshenwagoni. Mlango wa nyuma haukufunga, tukaufunga kwa kamba. Ilikuwa masika, mvua ikinyesha kama mtu kapasua tangi huko juu, na mimi niliendesha. Mama alikaa kiti cha mbele, kichwa cha jeneza kikiwa karibu na bega lake. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Uko ngapi?"

"Arobaini, mama."

Tukamzika baba kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba, hatua chache kutoka njia ya gari. Kila anayeingia au kutoka kwetu lazima apite hapo.

Jeneza lilikuwa limevuja. Sitaeleza zaidi ya hapo. Ile dawa ya mochwari iliingia kwenye kapeti, na baada ya wiki mbili gari likawa na harufu ambayo hata kuku waliikimbia. Mama alijaribu kuingia mara moja akatoka akishika ukuta. Hospitali tulikuwa tumewaomba watusogezee tarehe kwa mwezi mmoja kwa sababu ya msiba, wakakubali. Kwa hiyo nikalipeleka gari kwa fundi wa viti, mjini, nikamwambia ang'oe kila kitu kinachonuka. Na kwa kuwa dashibodi ilikuwa imepasukapasuka kwa jua kama kisigino cha mkulima, nikamwambia aivishe nayo ngozi mpya, mama apande gari lenye heshima. Alikaa nalo siku nne. Alilifungua mpaka likabaki bati na waya. Lilipotoka lilinukia duka la viatu. Nilifurahi nikamshika fundi mkono mara mbili, nikapanda nalo mpaka nyumbani nikiitazama ngozi mpya, mshale sikuutazama hata mara moja.

Siku ya hospitali ikafika. Mama alivaa kitenge cha kanisani, kadi ya kliniki mkononi, nguo za kulala wodini kwenye kikapu. Akanusa ndani ya gari, akatikisa kichwa kuridhika, akaingia. Nikawasha, tukaanza kushuka taratibu kuelekea njiani, migomba kulia na kushoto.

"Uko ngapi?"

Nikatazama. Gari lilikuwa linakwenda na mshale umelala sifuri. Nikakanyaga mafuta kidogo. Sifuri. Nikagonga kioo kwa kidole. Sifuri, na kilomita chini yake zimesimama kwenye namba inayoishia na themanini na moja.

Maisha yangu yote nimeongeza chumvi kwenye kila kitu, na siku hiyo moja ambayo neno la uongo lingemfikisha mama yangu hospitali, nikasema kweli.

"Sifuri, mama. Mshale umelala."

"Simamisha gari."

Tulikuwa tumefika usawa wa kaburi.

"Tutakwenda polepole, mama. Nitakadiria."

"Utakadiria," alisema. "Na mimi nikikuuliza utanijibu nini? Kalitengeneze kwanza. Likipona nitakwenda, hata kesho."

Akashuka, akarudi ndani akipapasa majani ya migomba. Naomba msomaji aishike hiyo kauli ya mama, kwamba likipona atakwenda hata kesho, kwa sababu tangu hapo ni mimi niliyeharibu.

Nilishuka mjini saa hiyohiyo mpaka kwa fundi wa viti. Nikamkuta ameketi juu ya sofa la mtu, anakula ndizi za kuchoma.

"Umeniulia mshale," nikamwambia.

"Mimi nashona viti, kaka. Mishale sishiki."

"Ulikuwa mzima nilipokuletea."

Akatafuna, akafikiri. "Hili gari si ndilo lililobeba maiti?"

"Ndilo. La baba yangu."

"Basi," akasema, akajifuta mikono kwa kitambaa cha kochi. "Ungeniambia mapema nisingeligusa kapeti lile. Magari yaliyobeba maiti yana mambo yake. Umemtoa mzee alipolala, yeye kasimamisha hesabu. Hiyo si kazi ya bisibisi."

Sasa nikiandika haya naona wazi kwamba mtu yule alikuwa anaondoa lawama mlangoni kwake. Wakati ule niliona anajua. Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa elimu, sikutaka kuamini bila kupima. Nikarudi nyumbani, nikafungua kitabu changu cha darasa la jioni, nikafanya uchunguzi. Nilitoa fyuzi moja moja nikazitazama kwenye mwanga: nzima zote. Nikawasha taa: zinawaka. Kipimo cha mafuta kinapanda, cha joto kinapanda, indiketa zinalia. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa mtihani: umeme upo kila mahali, kwa hiyo ugonjwa wa mshale si wa umeme. Mpaka hapo nilikuwa sahihi asilimia mia. Mwalimu angenipa vema. Mstari uliofuata nikaandika: kwa hiyo ni baba.

Halafu kulikuwa na ile themanini na moja. Baba hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwenye msalaba wa kaburi tuliandika mwaka ambao baba mkubwa alikumbuka, ingawa kadi ya ubatizo ilisema mwingine. Nilipowaambia watu kwamba gari limegoma kwenye themanini na moja, baba mkubwa akapiga hesabu kwa vidole, akasema kumbe marehemu alikuwa na themanini na moja kweli. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukawa na hakika ya umri wake. Gari ndilo lililotuthibitishia.

Jumamosi nikaenda kilabuni kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kilabu chetu ukiwa na kata mkononi na watu ishirini wakisubiri useme, huwezi kujua majaribu. Nikaeleza habari ya mshale. Nikaieleza vizuri. Mzee mmoja akaniambia, "Mpishi, leo umekoroga mbege na mafuta ya taa."

Watu wakacheka. Nikaona habari yangu inazama mbele ya macho yangu.

"Cheka," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayeendesha. Tukipita pale kaburini, ule mshale unatikisika. Mara tatu. Nimeuona kwa macho haya."

Hawakucheka tena. Yule mzee akaweka kata yake chini.

Mshale haukuwa umetikisika. Nilikiongeza hicho kipande pale benchini kama ninavyoongeza kitunguu kwenye mchuzi, bila kufikiri. Na jambo la kutisha ni kwamba kesho yake, nikitoka kwenda kazini, nilipita kaburini nikiwa nimekodoa macho, na nikauona ukitikisika. Kweli kabisa. Kwa njia ile yenye mawe, gari zima linatikisika, kichwa changu kinatikisika, migomba inatikisika, lakini mimi niliona mshale. Kuanzia hapo sikuwa naongeza chumvi tena. Nilikuwa shahidi.

Mambo ya kilabuni yanapanda mlima haraka kuliko umeme. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akina mama walimzunguka mama yangu uani pa kanisa, na alirudi nyumbani hana rangi. Akaniita jikoni. Alikuwa anamenya ndizi kwa kupapasa, kisu karibu kabisa na kidole.

"Wanasema baba yako yumo kwenye gari. Wanasema mshale unatikisika kwake. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Nimeuona."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akamenya ndizi nyingine mpaka mwisho. "Tuliliosha mno lile gari," akasema. "Kama mtu anaosha choo."

Jioni hiyo akaitwa baba mkubwa. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha baba.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nimesikia. Wewe kijana, nani alikutuma kumng'olea ndugu yangu kitanda?"

"Harufu, baba mkubwa. Mama alikuwa anakwenda hospitali."

"Harufu ya mume wake." Akamgeukia mama. "Shemeji, safari yake haijaisha. Nyie mmemshusha njiani. Msiliguse tena lile gari, msifungue hata skrubu moja, mtakuwa mnamfukuza mara ya pili. Tutaomba radhi. Mshale ukiinuka, amefika, na matanga yamekwisha. Hapo ndipo wewe utatoka kwenda unakotaka."

"Na jicho langu?" mama akauliza.

"Mshale hautachukua muda," alisema baba mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimlilia ndugu yake kuliko sisi wote.

Basi tukaomba radhi. Nilikata jani la isale, lile ambalo kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea hawezi kukukatalia msamaha, nikalifunga kwenye usukani. Baba mkubwa akamwaga mbege kaburini. Na kwa kuwa sisi ni Wakatoliki, nikanyunyiza pia maji ya baraka kwenye ile ngozi mpya ya dashibodi, ikaacha madoa ambayo hayajatoka mpaka leo. Kila asubuhi mama alisimama mlangoni nikiondoka, akisubiri nirudi jioni na habari.

"Umeinuka?"

"Bado, mama."

Jani la isale likakauka, nikafunga jingine. Likakauka nalo. Nikafunga la tatu.

Mtu atauliza kwa nini hakupanda gari la mtu mwingine. Nilimwambia, mara moja, tena bila nguvu. Alinijibu kwamba hawezi kumpita mume wake pale njiani akiwa kwenye gari la jirani, huku marehemu amekaa ndani ya lake anasubiri. Ningemwambiaje kwamba hakuna aliyekaa ndani, wakati mimi ndiye niliyemuona?

Hospitali wakapiga simu. Nilikuwa naonja ugali wa wanafunzi mia sita.

"Kaka, mama yako hajafika tena," nesi alisema.

"Bado tuko msibani, dada."

"Si uliniambia mwezi uliopita kwamba mmeshazika?"

"Tumezika. Ila marehemu hajafika."

"Hajafika wapi?"

"Nyumbani."

"Kaka, mlizika nani?"

Nilicheka. Nilimsimulia nesi habari nzima ya mshale, pamoja na kutikisika, na nadhani niliisimulia vizuri kuliko kilabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mlete mama. Hata leo. Daktari anasema mlete," akakata. Wapishi wenzangu nikawaambia kwamba hospitali siku hizi hawana ucheshi.

Dawa ya matone nilimpelekea. Operesheni haiingii mfukoni.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa nane, jua limetoka, mawingu yameondoka, mlima mzima mweupe unang'aa juu ya migomba kama sahani iliyooshwa. Nilikuwa nakunywa chai nje. Mama akatoka na kikombe chake, akasimama kizingitini.

"Mbona leo hakukuchi?" akauliza.

Nilidhani ananitania, nikamjibu kwa utani, nikasema jua limeenda likizo Dar. Halafu akauweka mguu mahali ambapo hapakuwa na ngazi.

Siku hiyo hakuuliza habari ya mshale. Nilimbeba mwenyewe mpaka garini, tukapita kaburini. Njia nzima hakuuliza niko ngapi. Nilikuwa nakimbia sana, na sijui ilikuwa ngapi.

Daktari alimwangalia kwa muda mrefu kwa kile kitochi chake. Kisha akazima, akavuta kiti akaketi mbele ya mama, akamshika mikono, akamwambia taratibu kwamba mshipa wa jicho umekufa. Mama akauliza kama kuna operesheni. Daktari akasema ilikuwapo. Hakusema zaidi, wala hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo, kisha nikamchukia kwa hilo.

Baada ya hapo tulikuwa tunakwenda mjini kila mwezi, kwa sababu jicho hata likiwa limekufa linaweza kuuma, na lilimuuma. Mshale ulibaki umelala. Hakuna aliyeutazama tena. Jani la mwisho la isale lilidondoka lenyewe chini ya pedali nikalifagia pamoja na vumbi.

Siku moja, tukitoka hospitali, trafiki akatusimamisha akaniambia taa za breki haziwaki. Nikakumbuka kwamba mwenzangu mmoja wa darasa la jioni ana gereji ya umeme wa magari si mbali na hapo. Ni mwanamke mwembamba, mcheshi, aliyekuwa anakaa dawati la mbele na kupata B ya fizikia bila kutoka jasho. Alivyoniona akaweka chini bisibisi.

"Mzee wa C. Umeleta chakula?"

"Nimeleta breki. Na mama."

Akainama dirishani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako ni ya mtu asiyekula."

"Mwanao anakula kwa niaba yetu sote." Wakacheka wote wawili. Mama alikuwa hajacheka siku nyingi.

Taa za breki zilikuwa balbu tu. Akaingia kwenye usukani kulisogeza gari litoke kivulini, na baada ya mita kumi akasimama.

"Huu mshale vipi?"

"Uache," nikamwambia kutoka nje. "Una historia."

"Kilomita nazo zimesimama. Tangu lini?"

"Tangu tulipobadilisha kapeti."

"Dashibodi ilishushwa?"

"Ilishushwa. Ilivishwa ngozi."

"Nani aliirudisha?"

"Fundi wa viti."

Akaguna. "Na wewe msomi ulipima nini?"

"Fyuzi nzima, taa zinawaka, mafuta na joto vinasoma. Nikajua si umeme."

"Ulijua vizuri. Si umeme." Alikuwa ameshaanza kufungua skrubu za fremu inayozunguka mishale. Nilifungua mdomo nimzuie, mama akiwa amekaa pale kiti cha mbele, mikono magotini, uso umeelekea mbele. Nikaufunga tena. Fundi akaivuta ile saa yote ya mishale nje kidogo, akapenyeza mkono nyuma yake mpaka kwenye kiwiko, akapapasa huku anatazama angani kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku.

"Huyu hapa."

Akautoa niuangalie: kamba nene nyeusi, ndefu, yenye kichwa cha plastiki, na ndani yake waya wa chuma. Kichwa kilikuwa safi kabisa, hakijavunjika hata jino. Akanieleza kwa maneno machache kwamba gari la umri huu halitumii umeme kupima spidi. Waya huu unazungushwa na gia boksi, nao unazungusha mshale na zile namba za kilomita. Ukishusha dashibodi lazima uuchomoe, na ukiirudisha lazima uuchomeke. Akauingiza nyuma ya saa, akausukuma kwa kidole gumba. Ukalia tik, mlio mdogo kama wa kufunga kibweta.

Kazi yote ilikuwa fupi kuliko kuchemsha yai.

"Twende tukajaribu," akasema, na kwa kuwa mama alikuwa ameshakaa mbele na fundi yuko kwenye usukani, mimi nikapanda nyuma, kwenye kapeti jipya, pale lilipokuwa jeneza. Tukaingia barabarani. Nilichungulia katikati ya viti. Mshale ukainuka. Ukapita kumi, ukapita ishirini, ukapanda bila kusitasita, na ile themanini na moja ikageuka themanini na mbili.

Mama aligeuza kichwa kidogo, akisikiliza.

"Uko ngapi?" akauliza.

Fundi, ambaye hakujua lolote, akatazama chini mara moja. "Arobaini, mama."

Tukapita kama nyumba tatu. Kisha mama akasema kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya ndizi, "Mwanangu, kabla hujautengeneza. Tulikuwa tukipita mahali fulani pale nyumbani, ule mshale unatikisika. Huyu aliye nyuma aliuona. Ilikuwa nini?"

Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na C.

"Haiwezekani, mama," alisema fundi, macho yake barabarani. "Waya ulikuwa umechomoka. Mshale wa namna hiyo hautikisiki popote. Huyo aliona vibaya, au aliwadanganya."